Sinia la Tingatinga: Kutoka Mtoni hadi Oysterbay

Ukiifuata Barabara ya Kilwa kutoka mjini, ukapita viwanja vya Sabasaba, hufiki mbali kabla kondakta hajaanza kuita, "Mtoni! Kwa Azizi Ali!" Mto wenyewe ni Kizinga, uendao kuingia baharini upande wa bandari. Kwa barabara hii huja mananasi na maembe ya Mkuranga. Katika soko la Temeke Stereo hukutana na karoti na hoho za Lushoto, na machungwa ya Muheza. Mama wa Mtoni hana haja ya kwenda mbali kutafuta rangi.

Hata hivyo, ifikapo siku ya ubatizo au kipaimara, wengi wetu huzipita rangi hizo. Twaona aibu kumpokea mgeni bila kreti za soda na sahani za nyama, hata kama fedha ni za kukopa. Wageni wakiondoka, deni hubaki, na watoto ndio wanaolilipa kwa kupunguziwa chakula. Akina mama, sinia la matunda, mboga na jibini laweza kumpokea mgeni kwa heshima kabla ya mlo mdogo wa kawaida. Mfano wake tunao papa hapa jijini.

Vuka jiji uende Oysterbay, wilaya ya Kinondoni, penye maduka ya Morogoro Stores. Hapo ndipo zilipoanza kuuzwa picha za Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932. Alipoanza kuchora mwaka 1968, hakuwa amesoma shule ya sanaa. Alitumia vipande vya ubao wa dari na rangi ya kupakia baiskeli, yaani vitu vilivyokuwa karibu naye. Mwaka 1972 alikufa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Jamaa na wanafunzi wake waliiendeleza kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika.

Zitazame picha zake za mwanzo: mnyama au ndege mmoja katikati, nyuma rangi moja tu, na madoadoa yaliyopangwa kwa uangalifu. Sinia letu litafuata utaratibu huohuo.

MAHITAJI
Nanasi 1 lenye majani yake, matango 3, nyanya ndogo 10, karoti 3, hoho 1, karafuu 1, jani la mgomba, maziwa lita 2, ndimu 4 na chumvi.

JIBINI
Jibini ya Njombe ni nzuri, lakini bei yake si ya kila mfuko. Tengeneza yako. Chemsha maziwa, yakipanda, ipua, kisha tia maji ya ndimu kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka yagawanyike. Chuja kwa kitambaa safi, changanya chumvi kidogo, funga, kisha weka kitu kizito juu yake kwa saa 2. Kata vipande vidogo.

KUPANGA
1. Osha kila kitu kwa maji safi yaliyochemshwa, hata kile utakachomenya. Mboga nyingine humwagiliwa kwa maji machafu ya mito ya mjini, na kipindupindu tunakifahamu. Usitumie kisu wala ubao uliokatia nyama mbichi.
2. Pitisha jani la mgomba juu ya moto lilainike, ulifute, ulitandaze kwenye sinia.
3. Pasua nanasi kwa urefu pamoja na majani yake. Nusu moja, iliyolazwa kifudifudi, ni mwili wa ndege, na majani ni mkia. Nusu nyingine menya, ukate vipande, uvizungushie ukingoni.
4. Karoti moja nene iwe shingo na kichwa, karafuu iwe jicho, na karoti nyembamba ziwe miguu. Hoho, iliyokatwa vipande virefu, iwe kishungi.
5. Kata matango mviringo uyapange kama mbawa. Juu ya kila kipande weka jibini, na juu ya jibini nusu ya nyanya. Hayo ndiyo madoadoa.

Jibini iwekwe mwishoni, mbali na nanasi, kwa maana maji ya nanasi huitia uchungu. Andaa muda mfupi kabla ya wageni kufika, ufunike inzi wasitue.

Waachie watoto kazi ya madoadoa, wavulana kwa wasichana. Watajivunia kuwaonyesha wageni, nawe utapata nafasi ya kuketi nao. Mungu aibariki meza yako.