Mgema wa Mitende



Sisi tuliozaliwa Mudhaibi na wazee waliotoka Unguja tulikuwa na aibu yetu: mitende tuliirithi, lakini hatukuijua. Baba aliijua minazi. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, makuti ya mitende yakaanza kunata. Tuliyaramba, tukaona matamu, tukadhani ni neema. Jirani akatuambia ni balaa: huyo ni dubas, mdudu mdogo anayefyonza mtende. Baba akamtazama sana, akasema, "Kumbe naye ni mgema."

Tulicheka. Tulipokuja kusoma tuliona amesema kweli. Kuti hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, na sukari hiyo husafiri kwa mirija myembamba kwenda kwenye tunda, mzizi na chipukizi. Mwaka 1930 Mjerumani Ernst Münch alieleza namna yake: mirija ikijaa sukari huvuta maji, shinikizo hupanda, na utomvu husukumwa hadi pale sukari inapotumika au kuwekwa akiba. Mwaka 1953 Kennedy na Mittler waliwatumia vidukari. Walimkata mdudu wakauacha mrija wa mdomo wake ndani ya mmea, na utomvu ukaendelea kutoka wenyewe. Mmea ndio uliokuwa ukiusukuma.

Mgema wa Unguja naye hutegemea nguvu hiyo hiyo. Hukata ncha ya karara changa, na sukari iliyokuwa ikienda kulea nazi hudondoka kibuyuni, ikawa tembo tamu.

Dubas hana kibuyu. Utomvu una sukari nyingi na chakula kingine kidogo, kwa hiyo hunywa sana ili ashibe, na sukari iliyozidi huimwaga juu ya makuti. Ndiyo tuliyoiramba: zilikuwa tende zetu. Baadaye ukungu mweusi uliota juu yake, ukayazuia makuti kupata jua. Mwaka ule tulivuna tende chache, tena ndogo.

Tangu hapo, kila Aprili Baba alipita mti kwa mti akipapasa makuti, na hakuna aliyemwita tena mtu wa minazi. Sasa hayupo, tunapita sisi. Nanyi wenzetu mlio mbali, mliotuachia mashamba, mkija msimu huo pitieni mitende yenu. Ikinata, msiirambe, mwiteni mtu wa kilimo mapema.