Msaada kwa Mtu Aliyeshikwa na Pombe

Wengi hudhani ya kuwa mtu akishikwa na pombe, dawa yake ni aibu: akemewe mbele ya watu, anyimwe fedha, aapishwe mbele ya wazee. Ndugu yangu mkubwa alitendewa hayo yote. Kila mara aliacha siku chache, kisha akarudi palepale. Nami nataka kuwaelezeni njia nyingine niliyoiona kwa macho yangu, ili mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani kwake apate kuijua.

Njia hii ilianza Marekani. Mwaka 1935 mtu mmoja wa New York, jina lake Bill Wilson, alifika mji wa Akron katika jimbo la Ohio kwa shughuli za biashara. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu, na shughuli zile zilipoharibika akashikwa na tamaa ya kunywa. Akaona ya kuwa akikaa peke yake atashindwa, basi akapiga simu kutafuta mlevi mwenziwe wa kuzungumza naye. Akapelekwa kwa daktari mmoja, Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa imemlemea vilevile. Wakazungumza saa nyingi, kama wagonjwa wawili wa ugonjwa mmoja. Tarehe 10 Juni mwaka ule daktari alikunywa mara ya mwisho, na siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina. Mwaka 1939 walipiga chapa kitabu chenye hatua 12 wanazozifuata, na leo mikutano yao iko katika nchi nyingi, hata Kenya na Tanzania.

Sisi tulipata habari hizi hospitalini, ndugu yangu alipolazwa. Daktari alitufundisha jambo kubwa: mtu aliyekunywa sana kwa siku nyingi asiache ghafula peke yake, maana aweza kutetemeka, kupatwa na kifafa, hata kufa. Kwanza atibiwe, kisha atafute wenziwe wa kumshika mkono.

Mama alipoambiwa habari ya mkutano alikataa kabisa. Akasema, “Mambo ya nyumba yangu yakasimuliwe kwa wageni? Afadhali afe na siri yake.” Nikamjibu kwa upole, “Mama, wahenga walinena, mficha maradhi kifo humuumbua.” Hakunijibu neno. Ndugu yangu akaniambia, “Mdogo wangu, twende. Nikiona haya nitatoka.”

Tukaenda Nairobi siku ya Jumamosi. Ulikuwa mkutano wa wazi, ambao hata jamaa huruhusiwa kuingia. Mingine ni ya wenye taabu hiyo peke yao. Palikuwa na watu wapata 15 katika chumba kidogo, viti vimepangwa mviringo, na birika la chai mezani. Kila mtu alitaja jina lake moja tu, kisha akasimulia pombe ilivyomtenda na jinsi alivyopita juma lile bila kunywa. Hakuna aliyemkatiza mwenziwe wala kumhukumu, na yanayosemwa mle hayachukuliwi nje. Sharti la kuingia ni moja tu: nia ya kuacha pombe. Ada hakuna, kila mtu hutoa kidogo awezacho kwa ajili ya chai na kodi ya chumba, wala hawapokei fedha za watu wa nje.

Ndugu yangu hakusema kitu siku ile, wala hakuulizwa. Tulipotoka mzee mmoja akampa namba yake ya simu, akamwambia, “Tamaa ikikujia usiku, nipigie kabla hujanywa, si baada ya kunywa. Usiape kuacha maisha yako yote. Acha leo tu.”

Mwezi wa pili alianguka, akanywa siku tatu. Nilidhani watamfukuza. Tuliporudi, yule mzee alimvutia kiti, akammiminia chai, akamwambia, “Karibu, tulikuwa tukikungoja.” Ndugu yangu akalia mbele ya watu wote, na siku hiyo ndiyo aliyosema mara ya kwanza.

Mama hajasema hata leo ya kuwa amekubali. Lakini kila Ijumaa jioni huweka nauli mezani, chini ya kikombe, na ndugu yangu huichukua asubuhi.

Basi, mwenye mgonjwa kama huyu, usimngoje aharibikiwe na kila kitu. Mpeleke kwa daktari, kisha uliza palipo na mkutano, tena fuatana naye akikubali. Wala usijisahau wewe mwenyewe, maana pombe ya mmoja huchosha nyumba nzima. Kwa ajili ya jamaa kuna chama kingine, Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951 na Lois, mkewe Bill Wilson, pamoja na mwenziwe. Na mgonjwa wako akianguka, usifunge mlango. Ndugu yangu hasemi kwamba amepona. Husema ya kuwa leo hajanywa, nasi nyumbani tumejifunza kuihesabu siku hiyo moja kuwa ni mali.