Nilikwenda Dar na L

Wa kwanza kunikataza alikuwa mama. "Mwanangu, kwani mabasi yamekwisha?" aliniuliza, naye anajua fika kwamba hapa kwetu Ilula mabasi ya Dar es Salaam hupita tangu alfajiri. Nikacheka. Nilikuwa na pikipiki ya cc 150 ya mkopo, leseni ya kujifunzia mfukoni, na kibao cha L nilichokifunga nyuma kwa waya. Sendofu ya binti wa dada yangu kule Mbezi ilikuwa kisingizio tu. Nilichokitaka hasa ni shemeji, dereva wa siku nyingi, anione naingia getini kwake nimetoka Iringa kwa pikipiki, zaidi ya kilomita 400.

Na nani alinifundisha kuendesha? Jirani yangu wa bodaboda, jioni chache, kwenye uwanja wa mpira. Klachi, gia, breki, basi. Chuo cha udereva niliona kinakula hela za watu bure. Mimi huyu ni mwalimu wa hisabati. Mtoto akiniletea jibu bila kuonyesha njia, namkata alama.

Niliondoka saa kumi na mbili asubuhi, baridi inauma vidole. Muda si mrefu nikawa juu ya Kitonga. Asiyeujua mlima huo aelewe kwamba barabara inateremka kwa kona juu ya kona hadi bonde la Ruaha, na malori ya Zambia na Kongo yanapishana humo yakihema. Jirani yangu alikuwa amenipa siri ya kubana matumizi ya petroli: ukifika mteremkoni, toa gia kabisa, iache iteleze yenyewe. Nikafanya hivyo. Kona mbili za kwanza raha tupu. Ya tatu nikakanyaga breki ya nyuma, nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikakanyaga tena, kanyagio likashuka bila kushika kitu. Mbele yangu lori limejaa, upande wa pili basi linapanda. Nikaminya breki ya mbele kwa nguvu zote, katikati ya kona, juu ya changarawe.

Nilijikuta kwenye mtaro wa maji, pikipiki imelala, injini inakohoa. Goti lilichanika, kioo kimoja kikavunjika. Kofia ngumu, niliyoivaa kwa kuwaogopa trafiki tu, ilipata mkwaruzo mrefu juu ya sikio la kushoto.

Lori lililokuwa nyuma yangu lilisimama. Akashuka utingo, kijana wa kumzaa mwenyewe. Akaniinua kwanza, kisha pikipiki, akaitazama L, akanitazama mimi. "Kamwene, mzee. Ulikuwa umeweka gia ya ngapi?" Nikamwambia sikuweka. Hakunicheka, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Akanieleza taratibu kwamba mlima hushukwa kwa gia ambayo ungeupandia. Injini ndiyo inayokushika, breki ni ya kusaidia tu. Ukiiachia breki kazi yote inapata moto, na ikishapata moto haikusikii. Somo la dakika tano kando ya mtaro, nalo lilizidi kila nilichofundishwa uwanjani.

Nilimaliza mteremko kwa gia ya pili nyuma ya lori lao. Ruaha Mbuyuni nikakaa kwenye benchi la mama wa chai, mikono ikitetemeka hadi nikamwaga kikombe. Wauza vitunguu walinizunguka kunisifia, eti mwalimu shujaa. Sikuwa na la kuwajibu.

Kutoka hapo sikuwa na haraka tena. Bonde la mibuyu nililipita nikiegesha kila nilipochoka. Kila basi lililokuja mbele lilinipiga na upepo wake hadi usukani ukayumba, nikajifunza kuwahi kuegemea kabla halijanifikia. Ndani ya Mikumi, kwenye zile kilomita 50 za hifadhi, matuta ambayo abiria wa basi huyalaani mimi niliyashukuru. Tembo watatu walikuwa kando ya lami. Nikasimama mbali, injini ikiunguruma, mpaka walipoamua wenyewe kuondoka. Usiku nikalala Morogoro.

Dar sina mengi ya kusema. Kuanzia Kibaha nilishika njia ya kushoto kabisa, nikapitwa na kila chenye magurudumu. Shemeji alinipokea getini, akazunguka nyuma ya pikipiki, akakigusa kile kibao. "Umekuja na nani?" Nikasema peke yangu. Akatikisa kichwa, akaenda kutafuta dawa ya kidonda. Hizo ndizo sifa nilizozifuata kilomita zote hizo.

Pikipiki ilirudi juu ya Fuso la mizigo, nami nikarudi kwa basi. Wiki iliyofuata nikajiandikisha chuo, nikakaa dawati moja na vijana niliowafundisha darasa la saba. Nilifeli jaribio la kwanza la vitendo kwa sababu ya kona. La pili nikapata daraja A.

Jirani yangu wa bodaboda nilimfuata nikamweleza habari ya gia. Alibisha sana. Bado anateremka huru, na abiria mgongoni. Kama unapandia kijiweni kwetu, muulize kabla hamjafika mteremkoni.