Barua za Kuomba Kazi, Tangu Fulskepu

Nilipomaliza kidato cha sita mwanzoni mwa miaka ya tisini, barua ya kuomba kazi ilikuwa na umbo moja nchi nzima. Anwani yako kulia juu, ya mwajiri kushoto chini yake, kisha "Yah: Maombi ya Kazi", mstari umepigwa kwa rula. Aya ya kwanza ilikuwa ya kila mtu: mimi ni kijana wa Kitanzania, nina afya njema, naomba kazi yoyote itakayopatikana katika ofisi yako. Kazi yoyote! Uliiandika kwa mkono kwenye fulskepu, na matangazo mengine yalidai hasa mwandiko wa mwombaji mwenyewe. Baba, aliyekuwa karani, aliwahi kunichania barua nzuri tu kwa sababu herufi zililala. Alisema afisa utumishi huanza kukusoma kwenye mwandiko.

Kaka zetu waliotoka chuo kikuu hawakuhangaika hivyo. Serikali ndiyo iliyowapangia kazi. Sisi tuliingia mitaani wakati mashirika ya umma yanapunguza watu na kubinafsishwa, barua ikawa ndiyo njia, labda uwe na mjomba ndani. Ninayo bado kopi ya mojawapo. Nikiisoma simjui mwombaji alikuwa mtu wa namna gani, ila kwamba alilelewa vizuri. Nadhani ndicho kilichotakiwa.

Miaka ya elfu mbili mashirika yenye makao Ulaya yakaja na fomu zao. Ndani yake kulikuwa na ukurasa mtupu wenye swali: eleza kwa nini tukuchukue wewe. Nilikaa nao jioni nzima. Sisi tumekuzwa kwamba sifa zako hutajwa na wengine, tena ukiwa hupo; anayejitaja mwenyewe ni mwenye majivuno. Mwenzangu mmoja aliyekwisha kuajiriwa huko alinitoa kwenye mkwamo. "Usijisifu, bwana," aliniambia. "Simulia kazi uliyofanya, waache wao wakusifu." Nikaandika habari ya stoo ya pembejeo ya chama cha ushirika nilikokuwa: jinsi dawa za pamba zilivyokuwa zikipungua bila maelezo, na jinsi nilivyoanzisha leja ambayo kila anayechukua chupa anaweka sahihi. Kwenye usaili hawakuuliza kingine ila ile leja.

Baadaye nami nikawekwa upande wa pili wa meza, nikisoma maombi ya wengine. Waombaji wazuri walipotea humo kwa unyenyekevu. Muuguzi aliyeendesha zahanati peke yake wakati mganga hayupo aliandika tu kwamba ni mchapakazi. Nilijua habari yake kwa sababu mdhamini wake aliitaja.

Kwa kazi za serikali mambo yalikwenda njia nyingine. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyotokana na marekebisho ya sheria ya mwaka 2007, leo hupokea maombi kupitia mtandao wake: namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), vyeti, wadhamini, kila kitu na kisanduku chake. Uzito umehamia kwenye vyeti, na sababu ipo. Mwaka 2017 uhakiki ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hata hivyo barua yenye sahihi bado inatakiwa, unaiskani na kuipandisha.

Mpwa wangu alipokuwa akijaza maombi hayo, aliomba nimsomee barua yake. Ilikuwa na Kiswahili safi kupita changu, na haikuwa na mtu ndani. Aliitengeneza kwa akili mnemba. Rafiki yake ana karibu ileile. Nikamwuliza ile miezi ya kujitolea kufundisha hesabu shule ya kata imekwenda wapi.

"Kwani mjomba, barua wanaisoma kweli?"

Nilimwambia aiweke tu hiyo miezi. Lakini swali lake ni la haki. Kijana analipa bando, analipa steshenari ya kuskani, anakaa usiku akitafuta maneno. Ofisi inayotaka kumjua mwombaji iulize swali moja la wazi kuhusu kazi aliyokwisha kufanya, kisha isome jibu. Ile ambayo haina nia ya kusoma iache kudai barua.