Safari Yangu ya Kilwa Kisiwani

Bibi yangu, ambaye twakaa naye hapa Gisimenti, alizaliwa Kilwa Kisiwani. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akinihadithia birika la kuogea la sultani, lenye pembe nane, na msikiti wenye makuba mengi. Mimi sikusadiki. Tena vijana wa mtaani walipomcheka, nami nilicheka. Hata mwalimu wetu alipotufundisha habari za Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, nikaona haya moyoni.

Likizo ilipofika Bibi alinipa nauli aliyoiweka akiba, akasema, "Mume wangu, nenda ukamtazame dada yangu. Simu ya mwanawe haipatikani, mwaka wa pili huu."

Basi nikasafiri, tukavuka Rusumo, nikafika Dar es Salaam miguu imevimba. Toka huko hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 300. Nikapata kibali, nikavuka kwa mashua. Bahari sikupata kuiona kabla ya hapo, nami nilishika ubao kwa mikono miwili, mama mmoja mwenye kuku akinitazama kwa huruma.

Ilinipasa kwanza kuuliza nyumba ya dada yake. Nakiri kwamba nilikwenda kwanza kutazama mawe. Niliona Gereza, kisha Msikiti Mkuu, ulioanzwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dhahabu ya Sofala ndiyo iliyoutajirisha mji huu, hata ukapiga sarafu zake wenyewe za shaba. Chache ziliokotwa mbali kabisa, Australia, mwaka 1944. Wareno waliuteka mwaka 1505. Lakini hayo niliyapita upesi, maana nilitaka Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililo juu ya jabali kando ya bahari.

Birika lipo. Nililizunguka nikihesabu kwa kidole: nane. Nikahesabu tena.

Jioni nikaonyeshwa nyumba ya udongo na makuti. Mwenyewe alikwisha kufariki, Ramadhani iliyopita. Mwanawe alinipeleka kaburini, nikasimama pale nisijue la kusema, kwa kuwa sikupata kumwona hata mara moja.

Niliporudi Gisimenti Bibi alikuwa amekaa mlangoni. Alinitazama tu, akajua. Akanyamaza kitambo kirefu, magari yakipita. Halafu akaniuliza, "Na birika?"

"Lina pembe nane, Bibi."

"Nilikuambia," akasema, akaingia ndani.