Tabaka, Ambako Jiwe Hukatwa kwa Kisu

Yamkini sebuleni kwako pana kiboko au chombo kilichochongwa kwa jiwe la Kisii. Je, umewahi kujiuliza ilikuwaje jiwe likakubali kukatwa kama muhogo? Jibu liko Tabaka.

Panda matatu mjini Kisii uelekee kusini magharibi, katikati ya vilima na migomba. Ukiona vumbi jeupe juu ya majani, jua umefika. Wanaume wameketi chini ya miti wakichonga kwa panga na visu. Akina mama wameinamia karai za maji, wakisugua vinyago kwa msasa hadi ving'ae.

Mzee mmoja alinipa kipande cha jiwe. "Kikwaruze kwa ukucha, mwanangu," akasema. Nikakwaruza, alama ikabaki, na vidole vikateleza kana kwamba vimepakwa sabuni. Kisha akaniokotea jiwe jeupe la mtoni. Hilo liliniumiza ukucha bure.

Nilipokuwa shuleni, vifungo vya kemia vilikuwa michoro ya chaki ya kukariri tu. Tabaka ndiko nilikovielewa. Mawe yale mawili yote yana atomi nyingi za silikoni na oksijeni. Tofauti kubwa ni jinsi zilivyoshikana. Katika jiwe la mtoni, kila silikoni imefungwa kwa oksijeni 4, na kila oksijeni imeshikwa na silikoni 2, juu, chini na kila upande. Hakuna mahali pa kisu kupenya.

Madini laini ya jiwe la Kisii yamepangwa kama karatasi zilizorundikwa. Ndani ya kila karatasi vifungo ni imara, lakini baina ya karatasi moja na nyingine ni dhaifu. Ukisukuma kisu, huteleza kama karata mezani. Tazama sadfa: kwa Kiswahili, mpangilio huo huitwa tabaka!

Katika kipimo cha ugumu alichobuni Friedrich Mohs mwaka 1812, talki, mojawapo ya madini ya tabaka, hupewa 1. Kwatizi, madini ya jiwe jeupe la mtoni, hupewa 7, nayo almasi 10.

Basi udhaifu huo ndio unaolipa karo huku. Lakini ndio pia unaotoa vumbi. Mzee yule alikuwa akikohoa kila baada ya sentensi mbili. Vumbi la mawe likivutwa kwa miaka mingi huharibu mapafu, na kitambaa usoni hakitoshi. Maji ya akina mama hulituliza vumbi la msasa. Anayechonga jiwe kavu hulivuta lote.

Kwa hivyo, msomaji, wapeleke watoto Tabaka wakashike kemia kwa mikono yao. Na utakapofika bei, usimkamue mchongaji hadi senti ya mwisho. Katika kile kiboko umenunua pia sehemu ya pumzi yake.