Nguo tayari ao nguo ya kupimwa?



Tuko mwezi wa saba. Masomo itafunguliwa mwezi wa tisa, na kila mzazi anahesabu: shati nyeupe, suruali ao jipe ya bluu.

Hapa Butembo nguo tayari ni nyingi. Wafanyabiashara wetu wanazitoa Guangzhou na Dubai, zinashuka Mombasa, zinapita Uganda, zinaingia Kasindi. Kando yazo kuna mabalo ya mitumba. Sizidharau. Nina watoto wanne, na pesa ikiwa kidogo, mitumba ndiyo inawavalisha.

Lakini pindua nguo, uangalie ndani. Mara nyingi ile ya kiwanda imekatwa karibu kabisa na mshono. Mtoto akinenepa, hakuna cha kufungua. Fundi wetu, ukimwomba, anaacha vidole viwili kwenye mbavu na pindo refu chini. Mwaka ujao unafungua, unapiga pasi, mtoto anavaa tena. Jipe ya binti yangu mkubwa ilifunguliwa mara mbili. Leo mdogo wake anaivaa. Kwa hiyo usiangalie bei ya siku moja, uigawanye kwa miaka.

Libaya ni vilevile. Mwenye mimba ao anayenyonyesha hapatani na S, M ao L. Fundi anampima kifua, kiuno na mgongo, na anaacha mahali pa kufungua kwa ajili ya mtoto.

Kuna neno lingine. Tangu Kanyabayonga ilipoanguka mwisho wa mwezi wa sita 2024, wamama wengi walikimbilia Lubero na Butembo. Shamba halibebwi, lakini kazi ya mikono inakimbia pamoja na mwenyewe. Kati yao kuna wanaojua kushona. Wanakosa mashine na wateja. Ukimpa mmoja jipe mbili za kushona, watoto wake watakula.

Najua malalamiko yetu. Fundi anaahidi siku ya posho, posho inapita, kitambaa kingali kimekunjwa. Mwaka jana nilirudi kwa mmoja juma tatu mfululizo. Basi tupeleke kitambaa sasa, tulipe nusu, tuandike siku kwenye karatasi. Nanyi wamama washonaji, msipokee kazi kupita nguvu zenu.

Mimi nimepanga hivi: nguo za kucheza na za shamba, sokoni, za masomo, za ibada na za tarehe 8 Machi, kwa fundi.